Baba na Wageni wa Lynette

Baba yangu anatengeneza viti vya sofa kando ya barabara ya Kapsoya, chini ya mabati manne, na nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na sofa. Watu humcheka kwa hilo. Yeye huwajibu kwamba mwenye kuuza maziwa hayanywi yote. Huwajibu misumari ikiwa mdomoni, kwa sababu tangu nimjue Baba huongea na misumari mdomoni, na mteja mgeni huwa anaogopa kumchekesha asije akaimeza.

Anaitwa Wanyoike. Alikuja Eldoret kutoka Nyandarua akiwa kijana, amemfuata mjomba wake aliyekuwa na duka la chakula cha ng'ombe, kisha akaacha duka akafuata nyundo. Mara mbili amepoteza kila kitu na mara mbili ameanza upya. Hizo habari yeye hapendi kuzirudia, na mimi sitazirudia. Mama alituacha nikiwa na miaka minane. Tukabaki watatu: Baba, dada yangu Lynette, na mimi Wanja.

Kitu ambacho kila mtu huku anakijua kuhusu Baba ni vile anaheshimu wageni. Mgeni hasimami kwake. Hata aliyekuja kuuliza njia lazima akae, lazima anywe kitu. Siku moja walikuja kutukatia stima. Baba akamkaribisha yule mtu wa kukata, akampa kigoda, akamwekea chai. Mtu akanywa vikombe viwili, akapanda juu akakata stima, akashuka wakaagana kwa mikono miwili. Nikamwuliza Baba kwa nini alimpa chai. Akasema, "Alikuja kazini kwake. Lakini mlango alioingia ni wangu."

Mimi nilisoma muhula mmoja wa Form One. Wakati huo Lynette alikuwa Form Three, na karo ilikuwa ya mtu mmoja. Baba alituita sisi wawili tukae, akashindwa kuongea. Nikasema, "Lynette aendelee." Hakuna mtu alinisukuma. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye nimekuwa nikifanya kama nilisukumwa. Nikaanza kumsaidia Baba kushona vitambaa vya viti, na nikajifunza kufuma vile vya kroshia vya kuweka juu ya sofa. Siongei sana. Watu husahau kwamba niko kwa chumba, na kwa hivyo nimesikia mengi.

Lynette alipata A kwenye mtihani wa Form Four. Baba alifunga kibanda siku nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa mgonjwa.

Kisha kukaja mambo ya mradi. Kuna watu hapa mjini wanaotafuta watoto wa A ambao nyumbani kwao hakuna kitu, wanawasaidia kuomba vyuo vya Amerika. Lynette alitueleza mara nyingi mpaka hata mimi nikaelewa. Kuna vyuo huko vinavyochukua wachache sana, lakini wakishakuchukua, na kama kwenu kweli hakuna, wanakulipia yote: masomo, chakula, kitanda, vitabu. Sasa, mtoto wa nchi nyingine anayeomba alipiwe yote anashindana na dunia nzima kwa nafasi chache, na wenye chuo hawawezi kuja Kapsoya kuangalia sufuria zetu. Wanaamini karatasi. Mradi ndio unaoweka sahihi kwamba mtoto huyu tumemwona, kwao tumefika, alichoandika ni kweli.

"Wanauliza hata mnapikia nini," Lynette akasema.

"Waambie tunapikia makaa," Baba akasema. "Lakini usiwaambie ni yale ya vumbi ya chini ya gunia. Waambie makaa mazuri."

Lynette akacheka mpaka akashika ukuta.

Aliandika insha ya kuomba chuo. Alinisomea siku moja tukiwa tunafua, mistari mingine kwa Kiingereza, mingine akanitafsiria. Nilikuwa ndani ya hiyo insha. Nilikuwa kwa mstari wa kwanza. Ilisema kwamba mdogo wake Wanja analala kwenye chumba tunachopikia na kulia chakula, na kwamba aliacha shule ili Lynette asome, na kila usiku yeye akisoma humsikia Wanja akigeuka kitandani.

"Walimu wa mradi walitoa machozi," akasema. "Iko aje?"

"Ni nzuri," nikasema.

Nilikamua shati la Baba mpaka maji yote yakaisha na bado nikawa nalikamua. Nilijiona kama mbuzi anayepelekwa soko Jumatano, watu wanamfungua mdomo kuhesabu meno. Lakini sikusema. Hakuniuliza kama ananiandika, na mimi sikumwambia asiniandike.

Mradi ulimpitisha Lynette mahojiano. Kilichobaki kilikuwa wageni kuja nyumbani kuthibitisha. Wakati huo yeye alikuwa amepata kazi ya kufundisha kwa muda shule moja huko Moi's Bridge, analala huko huko. Alhamisi moja asubuhi akapiga simu. Baba huacha simu yake nyumbani kwa sababu nyundo imeshavunja mbili, kwa hivyo niliishika mimi.

"Wanja, wageni wa mradi wanakuja Jumamosi saa nne. Mimi sitakuwa, wanataka hivyo. Sasa sikia. Mwambie Baba asibadilishe kitu. Unamjua vile yuko. Asiazime, asipake rangi, asichinje. Wakute nyumba vile iko. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema basi."

"Asibadilishe kitu."

"Eeh. Wakikuta tofauti na nilivyoandika, nimeisha. Niko mikononi mwako, Wanja."

Baba akaja kula saa saba. Akauliza nani alipiga.

"Lynette. Wageni wake wanakuja Jumamosi saa nne."

"Wageni gani?"

"Wa mradi."

Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga mezani. "Wa Amerika?"

"Wa hapa hapa Eldoret."

"Ni wa Amerika," akasema. "Mtu akitumwa na Amerika ni wa Amerika." Akatazama chumba kile, ukuta wenye alama ya moshi, vigoda vitatu, kitanda changu chenye pazia. Nikaona aibu ikimpanda usoni kama mtu aliyeamshwa bila shati. "Wageni wa Amerika, na mimi fundi wa viti, wakalie vigoda?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyasema kwa simu saa mbili zilizopita. Nikaangalia kitanda changu, nikafikiria watu wasionijua wakisimama mbele yake na karatasi, wakitazama kama pazia lina tundu na kama blanketi ni moja au mawili, waone kama mbuzi ana meno. Nikasema, "Ugali umepoa, Baba. Kula."

Ijumaa hakufanya kazi nyingine. Kulikuwa na seti ya watu saba, velveti nyekundu iliyokolea kama divai ya kanisa, iliyoagizwa na Mwalimu Jepkemboi wa Moiben. Angekuja kuichukua Jumatatu. Baba akaifunika na shuka, akaita mkokoteni.

Joash, anayefanya kazi naye, akajikuna kichwa. "Mzee, na mwenyewe akijua?"

"Mwalimu ni mtu wa kanisa. Atafurahi viti vyake vikikaliwa na wageni wa baraka."

"Na baraka ikimwaga chai?"

"Wewe sukuma mkokoteni, Joash. Mahubiri ni Jumapili."

Viti vidogo viliingia. Kile cha watu watatu kikakataa. Wakakijaribu kwa ubavu, wakakisimamisha kama mlevi, kikakataa. Watoto wa ploti wakaja kutazama.

"Punguza kiti, Mzee," Joash akasema, jasho linamtoka.

"Kiti cha mtu? Afadhali nipunguze nyumba." Baba akachukua nyundo, akang'oa mlango pamoja na fremu yake. Kiti kikapita. Mlango ukaegemezwa ukutani nje, na Baba akasema ataurudisha wageni wakishaenda.

Jirani yetu Mama Namalwa akaleta zulia, saa ya ukutani, na televisheni. "Msiiwashe," akasema. "Ikiwashwa inanuka kama nywele zinaungua. Iwe tu pale, itazame watu."

"Asante, Mama. Mungu akuongeze."

"Aniongeze televisheni inayowaka."

Kitanda changu kilikuwa pale ambapo kiti cha watu watatu kingekaa. Nilikifungua mwenyewe. Mbao, godoro, pazia, nikavipeleka kwa Mama Namalwa. Kisha nikatoa vitambaa vyangu vya kroshia, vyeupe, ambavyo nilikuwa nimefuma kwa miezi na sikuwa nimepata mahali pa kuviweka. Nikavitandika juu ya ile velveti. Nilirudi nyuma nikatazama. Sitadanganya hapa. Nilifurahi. Nilikaa kidogo kwenye pembe, nikapitisha mkono, na kwa muda huo sikumkumbuka Lynette hata kidogo.

Wageni walikuja wawili. Madam Sharon, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na kijana anaitwa Felix wa kupiga picha. Walisimama kidogo mahali mlango ulipokuwa, wakautazama ulivyoegemea ukuta. Baba alikuwa amevaa koti la kanisa. Akawakaribisha, akaomba dua ndefu, akamshukuru Mungu kwa barabara, kwa gari, kwa Amerika na kwa wote wanaopenda watoto wa watu.

"Kaeni nyuma kabisa," akawaambia. "Vinabeba."

Madam akakaa. Akapitisha macho: saa, televisheni, zulia. Akafungua faili.

"Mzee, hivi viti ni vya hapa nyumbani?"

Baba hawezi kudanganya. Nilimwona akitafuta njia. "Ni kazi ya mikono yangu, Madam."

"Ni vizuri. Ni kazi safi."

"Asante. Sponji ni ile nzito. Ukikaa miaka kumi haishuki."

Felix akapiga picha. Madam akauliza kazi ya Baba, watu wangapi hapa, maji yanatoka wapi. Baba akajibu yote kweli kweli, na kila jibu la kweli lilikaa vibaya juu ya ile velveti. Halafu Madam akageuka akaniona. Nilikuwa nimesimama na birika.

"Na wewe ndiye Wanja."

Jina langu lilikuwa kwa faili yake. Aliponitazama nilijua ananitafuta yule wa kwenye insha.

"Uko shule, Wanja?"

"Niko Form Three," nikasema.

"Shule gani?"

Nikaitaja. Ile ya kutwa nilikosoma muhula mmoja, ambayo wasichana wake hupita mbele ya kibanda kila asubuhi wakicheka, na mimi nikiwa na sindano mkononi. Baba alikuwa ameshachukua birika kwangu, anammiminia Felix. Chai ikajaa kikombe, ikaingia sahani. Felix akasema, "Mzee, inatosha," ndipo Baba akaacha. Hakunitazama.

"Na unalala wapi?"

"Chumba cha ndani."

Madam akaandika. Kalamu yake ilienda polepole. Nakumbuka kwamba sikuogopa wakati huo. Nilikuwa nimesimama wima, kama mtu mwenye sare.

Kuku aliyechinjwa na Baba akaliwa. Baba akataka kuwapa kistuli kidogo alichokitengeneza kwa mabaki ya velveti, Madam akakataa kwa adabu, akasema hawaruhusiwi. Baba akaaibika kidogo, akakiweka chini. Gari likaondoka.

"Wamefurahi," Baba akasema. "Umeona vile Felix amelamba mfupa?"

Joash akaja na mkokoteni. Tulikuwa tumeinua kile kiti cha watu watatu, Baba upande wa mbele, mimi na Joash nyuma, ndipo Baba akasema bila kugeuka, "Hiyo Form Three, Wanja. Ingekufaa kweli." Basi. Tukatoa kiti, akarudisha mlango.

Jumanne jioni Lynette akapiga. Baba alikuwa nyumbani, akaweka sauti kubwa kwa sababu sikio moja halisikii vizuri.

"Baba, wamesimamisha faili yangu."

"Wameisimamisha wapi?"

"Wameisimamisha, Baba. Wanasema nyumba niliyoandika si nyumba waliyoona. Wameona sofa, wameona televisheni. Televisheni ya nani?"

Baba akaishika simu kwa mikono miwili.

"Baba, vyuo vyenyewe vinaniuliza kama ninahitaji kulipiwa yote, mimi nimesema ndiyo, yote. Sasa mradi hauwezi kuweka sahihi. Wananiita mwongo. Hawajasema hilo neno lakini ndilo." Tukasikia kengele ya shule nyuma yake. "Kwani Wanja hakukuambia?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama uzi. Nilikuwa na uzi mweupe umenizunguka kidole na nikautazama kama sijawahi kuona uzi. Nilijua amejua. Haikumchukua hata pumzi mbili.

"Aliniambia," Baba akasema kwa simu. "Aliniambia vizuri. Ni mimi sikusikia. Unajua vile napenda wageni."

Huyo ni Baba ambaye Jumamosi alishindwa kusema viti ni vyake.

Lynette hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alisema, "Sawa, Baba," na simu ikakatika. Baba akakaa kwa kigoda, akashika magoti. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza usiku ule, wala Jumatano. Jumatano alikosea kukata kitambaa, akakata mkono wa kiti mfupi, akakitupa na kukata tena. Joash akanong'ona, "Mzee ana nini?" Nikasema sijui. Nilikuwa nimeanza kuzoea kusema uongo mdogo mdogo, na unakuwa rahisi.

Mwenyewe nilikuwa nimejitengenezea hesabu kichwani: kosa ni la viti. Viti ni vya Baba. Mimi nilinyamaza tu, na kunyamaza ndiyo tabia yangu, kila mtu ananijua hivyo. Lakini lile jibu la Form Three lilikuwa linanirudia kila wasichana wale wakipita. Hilo sikunyamaza. Hilo nililisema kwa mdomo wangu, kwa sauti.

Ijumaa nikamwambia Baba naenda mjini kununua uzi. Nilitembea. Ofisi ya mradi iko ghorofani, juu ya duka la mbegu, na ngazi zote zinanuka dawa ya mahindi. Nilifika nikasimama nje ya mlango mpaka Felix akatoka akanikuta.

"Wewe si wa ile chai?"

"Nataka Madam."

Madam Sharon alikuwa na mafaili mpaka kwenye dirisha. Akanionyesha kiti, sikukaa.

"Vile viti si vyetu," nikasema. "Ni vya Mwalimu Jepkemboi wa Moiben. Televisheni ni ya jirani na haiwaki. Lynette alisema tusibadilishe kitu, akaniambia mimi nimwambie Baba, na mimi sikumwambia."

Akavua miwani. "Viti nilijua si vyenu."

Nikashika mgongo wa kile kiti.

"Mlango ulikuwa nje, Wanja. Na misumari yake imelala chini. Kila nyumba ninayoenda nakalia kiti cha kuazima, nakula kuku wa kukopa. Mama mmoja huko Moiben aliniazimia mpaka paka. Mimi mwenyewe mama yangu angefanya hivyo. Viti siviandiki sana. Ninaandika kwamba mzee ana heshima."

"Kwa hivyo..."

"Kwa hivyo ni wewe." Alisema polepole, bila ubaya. "Dada yako aliandika kwamba uliacha shule. Wewe ukaniambia uko Form Three, ukataja na shule. Mtu wa kuulizwa anajua maisha yake. Nikajiuliza, nani anadanganya, aliyeandika au anayesimama mbele yangu? Niliamini macho yangu. Na kama insha ni ya uongo, siwezi kuipeleka. Chuo kikigundua, si Lynette peke yake, ni watoto wote watakaotoka hapa miaka ijayo."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya viti. Ya hilo sikuwa nayo. Nilianza kulia, na nilikasirika kwamba nalia kwa sababu ilionekana kama naomba nihurumiwe.

"Nilisoma muhula mmoja," nikasema. "Pale pale nilipotaja. Waulize. Na kitanda changu kiko pale ulipokuwa umekalia."

"Kwa nini ulisema vile?"

"Uliniita jina ukiwa unalisoma kwa faili."

Madam akatazama ile faili muda mrefu. Akasema, "Hilo sikulifikiria." Kisha akaniambia nimwandikie yote niliyosema. Niliandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, na herufi zangu ni za mtoto. Akaipigia simu ile shule nikiwa hapo hapo. Shule ikathibitisha.

"Kamati ya mradi ilikaa jana," akasema akiweka simu chini. "Ungekuja Jumatano."

Jumatano nilikuwa naye Baba, anakata kitambaa vibaya.

Nafasi ya Lynette ya mwaka huu walikuwa wameshampa kijana mwingine, na hawangeweza kumnyang'anya, kwa sababu yeye hakuwa amekosa kitu. Lynette akawekwa kundi la mwaka ujao. Jina lake limesafishwa, insha yake imerudi kuwa ya kweli, lakini mwaka umeenda. Na mwaka ujao hakuna ahadi. Mradi ukiweka sahihi, bado kuna chuo, na chuo ni dunia nzima kwenye mlango mmoja.

Nilimwambia Baba siku hiyo hiyo. Nilimwambia ujumbe nilioficha, na yaliyotokea ofisini, na kwamba kosa lililomwangusha Lynette si viti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliona aibu ya nyumba," akasema.

"Niliona aibu yangu, Baba."

"Ni ile ile." Kisha akasema, "Mimi ndiye nilikuita ukae chini ile siku ya karo nikashindwa kuongea. Mtu mzima akishindwa kuongea, mtoto huongea badala yake."

Sikutaka anipe hilo. Nilitaka anipige.

Lynette alikuja likizo ya Agosti. Alikuwa ameshajua, nilikuwa nimemwambia kwa simu. Alinisaidia kuosha vyombo, akasuuza kikombe kimoja mara tatu.

"Ulikuwa unataka nisiende?" akaniuliza.

Nilifikiria. Nilitaka kusema hapana haraka, lakini nilikuwa nimechoka na majibu ya haraka. "Sijui. Nilitaka uende bila kunibeba kwa karatasi."

"Hukusema."

"Hukuniuliza."

Akaweka kikombe. "Ningekuuliza ungesema sawa. Wewe husema sawa kwa kila kitu, halafu mtu anajuaje?" Sauti ikamkatika. "Nimekasirika, Wanja. Na nitakasirika kwa muda. Usinibembeleze, usinifumie kitu."

"Sawa," nikasema, halafu nikaona nimesema sawa.

Akarudi Moi's Bridge. Kule, wanafunzi wake wamepata habari kwamba mwalimu angeenda Amerika, wanamwita Mwalimu Marekani. Anasema ni mzaha tu. Anapiga simu Jumapili, anaongea na Baba, halafu anauliza, "Wanja yuko?" Baba ananipa simu, tunaongea habari za mvua.

Lakini kitu kilichonishinda kabisa ni Baba. Watu wakimwuliza Lynette anaenda lini, kanisani, kwa kinyozi, kibandani, anajibu hivyo hivyo: "Ni mimi. Kiherehere changu cha wageni. Nilimfungia mtoto mlango kwa nyundo yangu." Wanacheka, wanamhurumia, wanamtania. Anakubali yote. Ananigeuzia mgongo kama siko, ili nisisikie, na mimi nasikia.

Wiki iliyopita Mama Namalwa alipita kibandani kukiwa na wateja wawili, bwana na bibi wanachagua kitambaa.

"Wanyoike!" akaita. "Wageni wengine wakija nikuletee na friji? Tumfikishe Lynette mpaka hapo Turbo karibu, kama Amerika imekataa."

Wateja wakacheka. Baba akacheka nao. "Lete, Mama. Mjinga ni mimi."

"Si yeye," nikasema.

Mama Namalwa akageuka akitafuta sauti imetoka wapi.

"Si viti na si televisheni yako. Lynette aliniambia nimwambie Baba asibadilishe kitu, nikaficha. Wageni waliponiuliza shule nikawadanganya niko Form Three. Ndiyo maana faili ilisimamishwa. Baba hakufanya kosa lolote. Alikaribisha wageni."

Joash aliacha kupiga msumari. Yule bibi mteja akawa anapapasa kitambaa kile kile alichokwisha kupapasa.

"Woi," Mama Namalwa akasema mwishowe, taratibu. "Kumbe huyu huongea."

Baba alikuja akasimama kati yangu na wao, kama vile mtu anavyoziba upepo. "Mtoto ni wangu, Mama Namalwa, na wageni walikuwa wangu," akasema. Kisha akamgeukia mteja, na sauti yake haikuwa imetulia. "Ulisema rangi gani, bwana? Hii ya kijani haionyeshi uchafu."

Nilidhani nikishasema mbele ya watu nitakuwa mwepesi. Nilishika mkasi nikakata kile cha kijani pale aliponionyesha. Kutoka wiki ile mpaka wageni wa mradi waje tena ni miezi saba, na kila siku ya hiyo miezi Lynette anaandika ubaoni huko Moi's Bridge, kwenye shule ambayo hakupaswa kuwa bado anafundisha.